Kahawa ya Zaidi, Kichwa cha Warda

Basi la Mtwara lilikuwa limeingia stendi ya Kibiti, na wauza korosho walikuwa wamelizingira pande zote, wakigonga vioo na kuita abiria "bosi" na "mama'ngu". Mbele ya duka la dawa, juu ya ngazi ya saruji iliyokwisha kuwa ya moto, mwanamke mmoja alikuwa ameketi peke yake. Ameinama, vidole viwili vimebana kipaji cha uso, macho kayafumba.

Jina lake Warda binti Swalehe, mzaliwa wa Mtunda, fundi cherehani pale sokoni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika miaka minne nyuma bila mtoto. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge chenye maua ya kijani, lililomkaa vizuri kiunoni kwa kuwa alilikata mwenyewe, na ushungi mweusi umemteleza hadi shingoni.

Muuza kahawa alimpita, akatembea hatua kumi, akarudi.

"Dada, jua hilo litakuua."

"Naliona."

"Mwenye duka kaenda kuswali. Sogea huku kivulini."

"Kaka yangu, kichwa kinaniuma. Tafadhali usinisemeshe."

"Basi sikusemeshi. Shika hiki."

Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, kofia ya vito kichwani, mikono ya shati jeupe kaikunja hadi kwenye viwiko. Alitua birika lake na jiko dogo la mkaa, akasuuza kikombe kwenye ndoo, akamimina. Warda alikunywa kwa sababu kukataa kungemlazimu kuongea zaidi. Kahawa ilikuwa chungu, na harufu yake ya tangawizi ikampanda puani. Robo saa ikapita. Maumivu yakaanza kumwachia, polepole, kama mtu anayelegeza kamba.

"Umetia nini humu?"

"Kahawa, tangawizi, hiliki kidogo. Na huruma."

"Huruma bei gani?"

"Hiyo siuzi."

Warda alicheka, kicheko chake cha kwanza siku ile. Hakununua dawa. Alirudi sokoni na kikombe cha pili tumboni, na jina la Zaidi Husseini mdomoni.

Tangu siku hiyo Zaidi hakukosa kupita kwenye kibanda chake. Kilikuwa kibanda cha bati nyuma ya soko, vyerehani viwili na mafungu ya vitambaa hadi darini, na mchana bati lile lilishusha joto kama kifuniko cha sufuria. Alianza kumletea kikombe kimoja asubuhi. Kikaongezeka cha saa nne, kwa sababu saa nne kichwa kilianza kugonga. Kikaja cha mchana, viwili vya alasiri, na cha kufungia kazi. Jioni walipigiana simu.

"Fundi."

"Naam, muuza kahawa."

"Umekula?"

"Nimekunywa."

"Sijauliza umekunywa, laazizi. Nimeuliza umekula."

"Ukija na wali nitakula. Ukija na birika nitakunywa. Kosa liko kwako."

Siku moja, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kibanda, Zaidi alimweleza kwamba aliwahi kuoa, kule kwao Nyamisati. Mkewe aliitwa Zawadi. Alifariki akiwa na mimba ya miezi minane, sasa ni miaka sita. Aliyasema hayo akitazama makaa ya jiko lake, na alipomaliza aliinuka, akasuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

Desemba ilipofika Zaidi akasema, "Nataka nije kwenu Mtunda, na watu wangu. Niambie lini."

"Subiri sare za shule ziishe."

Sare hazikuisha. Wazazi wa Kibiti nzima walikuwa na watoto wa kupeleka shule Januari, na Warda alishona ameinama tangu asubuhi hadi mwanga ulipomkimbia. Kufikia wakati huo alikuwa akinywa vikombe vinane vya kahawa kwa siku, chai ya rangi nzito alfajiri, na soda nyeusi akisikia macho mazito. Maji hakunywa. Choo cha soko kilikuwa upande wa pili kabisa, foleni ndefu, mlango hauna komeo. Mwanamke wa sokoni hujifunza kuishi na kiu, na Warda alikuwa amejifunza vizuri.

Kichwa sasa kilimshika kila siku. Kilianzia nyuma ya shingo, kikapanda pande zote mbili, kikamzunguka kama mkanda uliovutwa tundu la mwisho. Alimeza vidonge alivyoweka kwenye kopo la vifungo, viwili asubuhi, viwili mchana. Na kila alipomeza alimkumbuka mama yake. Mama yake naye alilalamika kichwa mwaka mzima, akatafuna vidonge hivyohivyo, mpaka asubuhi moja akaanguka katika shamba la mihogo. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa. Siku ya tatu wakamzika. Warda alikuwa na miaka kumi na saba, na ndiye aliyemkuta.

Katikati ya Januari alikwenda zahanati bila kumwambia mtu. Alipokewa na Daktari Kristina, mwanamke mpole kutoka Songea, mwenye miwani mikubwa. Alimpima presha, akamwangalia macho, akamwambia ainue mikono yote miwili, akamminya mabega. Warda aliruka kwa maumivu.

"Presha yako nzuri. Mabega yako ndiyo magumu kama ubao. Unakunywa maji, dada?"

"Nakunywa."

"Kiasi gani?"

"Glasi moja. Nikirudi nyumbani."

"Na kahawa?"

Warda aliutazama ukuta. "Vitatu... Kama vinane."

Kristina aliweka kalamu chini. "Sikiliza. Ndani ya kahawa kuna kitu kinaitwa kafeini. Kimo pia kwenye chai, kwenye soda zile nyeusi, na hata kwenye baadhi ya vidonge vya kichwa. Mwanzoni kinatuliza. Mwili ukishakizoea, kikipungua kidogo tu kichwa kinalia, nawe unakunywa tena. Juu yake jumlisha kiu, kuinama kutwa, na hivyo vidonge vya kila siku. Sasa, punguza kahawa polepole. Ondoa kikombe kimoja kila baada ya siku tatu nne. Usikate ghafla, maana kichwa kitakuadhibu. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Kila saa inuka, nyoosha shingo. Na ukiona kichwa kimekuja ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuugua, au mkono umelegea, au ulimi mzito, hapo usisubiri, kimbia hospitali. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Hawakuelewana. Mwenye hofu husikia neno moja kati ya kumi, na Warda alibaki na maneno mawili tu: kahawa, na mkono uliolegea. Siku hiyohiyo aliacha kila kitu kwa mkupuo: kahawa, chai, soda, vidonge. Zaidi alipopita na birika, Warda alisingizia tumbo halimkai sawa. Siku ya pili kichwa kilipasuka. Siku ya tatu alitapika juu ya sketi ya shule ya mtoto wa mtu, na mwanga wa mlangoni ukamchoma kama sindano. Hapo akakata shauri moyoni kwamba daktari amekosea. Kahawa ameacha na kichwa kimezidi. Basi huu ulikuwa ugonjwa wa mama yake, umemfikia.

Akapiga simu.

"Zaidi, usiniletee kahawa tena."

"Kesho?"

"Tena. Na Mtunda usije."

Zaidi alikuwa amesimama katikati ya stendi. Alitia kidole sikio la pili ili asikie vizuri. "Warda, mpenzi wangu, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Niache tu."

Alikata, akazima simu, akabeba vitambaa vya wateja, akafunga kibanda na kupanda gari la Mtunda. Zaidi alikwisha zika mke mmoja. Warda hakutaka awe sababu ya yeye kuzika wa pili.

Mji mdogo hauna siri. Bashiru, dereva wa bodaboda na mteja wa kila siku wa Zaidi, alikuwa na dada aliyekaa foleni zahanati siku ile, na mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wa pazia. Siku mbili baada ya Warda kuondoka, kwenye kijiwe cha kahawa cha Zaidi, Bashiru akasema mbele ya watu wote:

"Zaidi, bibie wako kaambiwa kahawa yako imemharibu kichwa. Ndiyo maana kakukimbia."

Watu walicheka. Kisha mzee mmoja akatazama ndani ya kikombe chake, akakiweka chini hakijaisha, akaaga. Mwingine akamfuata. Kesho yake benchi lilikuwa na watu watatu tu.

Zaidi alipiga simu ya Warda mara nyingi, na alasiri moja ikapokelewa.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Umekwenda kunitangaza mji mzima kwamba nawanywesha watu sumu."

"Zaidi, mimi sijasema..."

"Kama muuza kahawa hakufai, sema hivyo. Usipitie kwa madaktari."

Warda alikuwa amelala chumba cha giza, kanga imefungwa kichwani kwa nguvu. Kila neno la Zaidi lilimgonga mara mbili, moyoni na utosini.

"Sawa," alisema.

Neno hilo dogo lilimuumiza Zaidi kuliko tusi. Tangu hapo akawa anazunguka upande wa pili wa soko ili asikione kibanda kilichofungwa.

Siku tatu baadaye, mwanamke mfupi wa makamo, mwavuli mkononi na kanga mbili za rangi moja, alikuja kijiweni na kuketi katikati ya wanaume bila kuomba radhi.

"Wewe ndiye Zaidi?"

"Ndimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi naitwa Salama, mama mdogo wa Warda. Nimekuja kukutazama uso."

Zaidi alianza kummiminia. "Karibu kahawa."

"Weka chini hiyo. Mwanangu analala kwenye giza mchana kweupe, analia, anamwita mama yake aliyekufa. Vitambaa vya watu amevifunga mafungu, kila kimoja na jina, nivirudishe kwa wenyewe. Unajua mtu anayefanya hivyo anajitayarisha kwa nini?"

Zaidi alitua birika.

"Anasema mama yake alianza hivihivi. Anasema wewe umekwisha zika mara moja, na yeye hataki uzike tena kwa ajili yake. Akaniapisha nisikwambie. Mimi sikuapa, nilikohoa tu."

Zaidi alimkabidhi Bashiru birika, vikombe na jiko, Bashiru akavipokea bila utani wowote. Mkaa ulikuwa bado unawaka Zaidi na Mama Salama walipopanda pikipiki ya kukodi kwenda Mtunda.

Warda alikuwa uani, kwenye mkeka, mgongo kaegemeza ukuta wa udongo. Ilikuwa siku ya tisa tangu aache kahawa. Maumivu yalikuwa yameshuka, ila hakuyaamini. Alikuwa amekonda, midomo imekauka, gauni la nyumbani limempwaya. Alipomwona Zaidi aliivuta kanga usoni.

"Nani kakuleta?"

"Mimi mwenyewe."

Mama Salama alikaa kizingitini, akachukua kisu na mihogo, akaanza kumenya akijifanya kiziwi.

Zaidi alikaa chini, mbali kidogo na mkeka. Alivua kofia.

"Zawadi alikuwa anaumwa kichwa," alisema. "Sijawahi kumwambia mtu. Wiki mbili nzima. Miguu ilikuwa imevimba, akawa anavaa soksi na joto lile la Nyamisati, ili nisione. Mimi nilikuwa napakia boriti za mikoko jahazini, naondoka siku tatu siku nne. Alijua akiniambia nitaacha safari. Akaona asinisumbue. Niliporudi nilikuta watu wamejaa uani. Jirani ndiye aliyenieleza habari za kichwa. Jirani, Warda. Yeye alijua, mimi sikujua."

Kisu cha Mama Salama kilikuwa kimesimama.

"Niliposikia kijiweni kwamba unaumwa na wengine wanajua, niliuona tena uani wangu umejaa watu. Nikakutolea hasira. Nisamehe. Lakini hasira haikuwa ya kahawa."

"Mimi nilitaka kukuepusha," Warda alisema kwa sauti ndogo.

"Na yeye pia alitaka kuniepusha. Ukifa, nitazika, hilo ni la Mungu na sina amri nalo. Lakini mpaka hapo, kikikuuma niambie kinauma. Kinauma sasa?"

Warda aliteremsha kanga. Machozi yalikuwa yanashuka bila kelele. "Kinauma. Si kama juzi."

"Wapi?"

Akamwonyesha. Nyuma ya shingo, na hapa, na hapa.

"Kesho tunakwenda kwa daktari," Zaidi alisema. "Sote wawili."

Daktari Kristina alipopewa habari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Nilikwambia upunguze, dada. Ulikata."

"Sikusikia, daktari. Nilikuwa nasikia mazishi ya mama."

Kristina alimpima upya kila kitu, taratibu, kisha akavuta kiti karibu. "Mama yako aliwahi kupimwa presha?"

"Hajawahi."

"Yako nimeipima mara mbili, na nitakuwa naipima kila mwezi. Kichwa kilichokulaza siku hizi ni mwili kudai kafeini yake. Umekwisha vuka pagumu. Kilichobaki ni maji na mabega. Kwa nini hunywi maji?"

Warda alimtazama Zaidi, akaona haya, akatazama sakafu. "Choo."

Miezi yote ile Zaidi alikuwa amemletea vikombe, na hakuwahi hata mara moja kujiuliza huyu mwanamke anakwenda wapi.

"Daktari," alisema baadaye, "kahawa yangu ni mbaya?"

"Kimoja asubuhi mimi mwenyewe nakunywa. Vinane hata mimi ningelia."

Nyumba ya pili nyuma ya kibanda ilikuwa ya Mama Imani, mke wa mwalimu. Zaidi alibisha hodi, akaeleza shida bila kuzungukazunguka. Mama Imani alishangaa kwamba haikuletwa kwake mapema. Choo chake kilikuwa safi lakini mlango ulilegea, na jioni hiyohiyo Zaidi alikuja na nyundo na komeo jipya.

Asubuhi akawa anamletea Warda dumu la maji ya kuchemsha, lita mbili.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, bwana wee."

"Dumu halijui kusema uongo. Maji yako palepale."

"Nimeolewa na askari au nimepata mchumba?"

"Hujaolewa bado. Kunywa."

Kijiweni Zaidi aliweka jagi la maji kando ya birika, na mtu akiomba kikombe cha nne alimpa maji kwanza. "Muuza kahawa gani anakataza watu kahawa!" Bashiru alilalamika, lakini alikunywa. Wazee walirudi, mmoja baada ya mwingine. Warda aliinua kiti cha cherehani kwa ubao ili asiiname mno, na kila saa alisimama kunyoosha shingo. Kichwa hakikuondoka kwa siku moja. Kilikuwa kikija kila siku, kikawa kila siku ya tatu, kikawa mara moja kwa juma, chepesi. Ramadhani ilipoingia aliiogopa, kisha siku ya kwanza ikapita salama, na baada ya kufuturu alimpigia Zaidi kumwambia neno moja tu: "Kimya." Zaidi alielewa kwamba kichwa hakijagonga.

Baada ya Idi, wazee wa Zaidi walikwenda Mtunda na posa ikakubaliwa. Ila Zaidi alisema bado kuna mlango mmoja hajaubisha.

Wakaenda Nyamisati, kwa Bi Tatu, mama yake marehemu Zawadi. Maji yalikuwa yamekupwa, tope linang'aa, na watu walikuwa wanateremsha boriti na kuzipanga ufukweni. Warda alivaa gauni la buluu iliyopoa, mikono mirefu, na ushungi wa rangi hiyohiyo. Bi Tatu aliwapokea barazani, akaitikia shikamoo zao, akamtazama Warda kutoka unyayoni hadi utosini bila haraka.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama," Zaidi alisema.

"Nimesikia unaumwa kichwa."

"Nilikuwa naumwa sana, mama. Sasa mara mojamoja."

"Na kikikuuma, unamwambia?"

"Namwambia."

Bikizee aligeuza uso upande wa maji. "Mwanangu hakusema. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia mwanamke hatangazi maumivu yake, atachokwa. Aliyashika maneno yangu." Pembeni mtu alikuwa anahesabu boriti kwa sauti, na hesabu ile ikaendelea peke yake kwa muda mrefu.

Kisha Bi Tatu aliukamata upindo wa gauni la Warda, akaukunjua, akaangalia mshono kwa ndani.

"Umeshona mwenyewe hili?"

"Mwenyewe, mama."

"Tepu ya kupimia unayo?"

"Ninayo kwenye mkoba."

"Nipime."

Zaidi alishtuka. "Nguo ya nini, mama?"

"Ya harusi yenu. Au mlitaka nije na kanga ya jikoni?"

Alishika nguzo ya baraza, akasimama kwa taabu, akanyanyua mikono. Warda alipiga magoti mbele yake, akaizungusha tepu kiunoni, macho yamejaa machozi hata namba hazisomeki vizuri.

"Isinibane kwapani," Bi Tatu alisema.

"Haitabana, mama," Warda alijibu, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akapima upya.